Mgonjwa wa Akili si Mtoro wa Kazi

Mfanyakazi akivunjika mguu katika kona za barabara ya Mombo hadi Lushoto, hakuna mwajiri atakayeuliza kama kweli anaumwa. Plasta nyeupe ni ushahidi tosha. Wenzake humchangia, mkuu wake wa kazi humtembelea hospitalini, na baada ya miezi mitatu hurudi kazini akichechemea na kupokewa kwa furaha. Lakini mfanyakazi huyo huyo akishikwa na ugonjwa wa akili, akawa halali usiku, akasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akalemewa na huzuni hata asiweze kuinuka kitandani, mambo hubadilika. Siku ya kwanza husemwa kuwa ni mvivu. Siku ya tatu husemwa kuwa amelogwa. Siku ya sita huandikiwa barua ya utoro.

Siku ya sita haikutajwa hapa kwa kubahatisha. Mwongozo wa nidhamu ulio katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, unahesabu kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi, bila ya ruhusa wala sababu inayokubalika, kuwa ni kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Kwa mtoro halisi kanuni hiyo ni ya haki, maana hakuna kiwanda, shamba wala shule inayoweza kuendeshwa na watu wanaokuja na kuondoka wapendavyo. Shida ni kwamba ugonjwa wa akili, tofauti na malaria au kuvunjika mguu, humnyang'anya mgonjwa kwanza kabisa kile chombo ambacho angekitumia kuomba ruhusa. Anayeamini kwamba ofisi nzima imekula njama ya kumdhuru hataandika barua ya heshima kwa ofisi hiyo hiyo kuieleza kwamba anaumwa.

Jambo hili lafaa kutazamwa kutoka mahali kama Kifungilo. Hapo ni mlimani Usambara, wilayani Lushoto, mahali panapojulikana zaidi kwa shule ya sekondari ya wasichana inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Katika milima ile wapo wafanyakazi wa kila namna: walimu, wapishi, walinzi, wauguzi, madereva, vibarua wa mashamba ya mboga na matunda, na wachuma chai. Wengi wao huishi palepale wanapofanya kazi. Nyumba ni ya mwajiri, majirani ni wafanyakazi wenzao, na watoto wao husoma karibu. Mtu wa Dar es Salaam akiachishwa kazi hupoteza mshahara. Mtu wa mlimani, anayekaa katika nyumba ya kazi, hupoteza mshahara, paa na majirani kwa siku moja, na mara nyingi hupewa muda mfupi tu wa kuhamisha vyombo vyake.

Sheria inasema nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini haki ya likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Hicho si kidogo. Jirani nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kima cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Tena sheria ya Tanzania haikubagua ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa akili. Haikusema kwamba homa ya mapafu ina likizo na sonona haina. Ugonjwa ni ugonjwa, madhali mfanyakazi ameleta cheti cha tabibu.

Lakini hesabu hiyo ya siku 126 ilipangwa kana kwamba kila ugonjwa huja mara moja na kuondoka. Siku 126 ni wiki 18. Mfupa huunga ndani ya muda huo, na mara nyingi hubaki siku za akiba. Magonjwa mengi ya akili hayana mwendo huo. Mgonjwa hupata nafuu, hurudi kazini, hukaa mwaka mzima akiwa salama, kisha ugonjwa humrudia. Kama wiki zote 18 zilikwisha katika shambulio la kwanza, la pili ndani ya miezi ile 36 litamkuta mikono mitupu. Naye mwenye sonona nzito, ambaye hata baada ya kupata nafuu hutakiwa kuendelea na dawa kwa miezi kadhaa, hurudi kazini kabla ya wakati kwa kuogopa hesabu ya siku. Akirudi mapema hufanya kazi ovyo, huonywa, huvunjika moyo na kuanguka tena. Hapo ndipo husemwa, "Huyu tulimvumilia vya kutosha."

Kuna kosa jingine la kufahamu lililoenea miongoni mwa waajiri, na hata miongoni mwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi ambao wangepaswa kujua. Wengi hudhani kwamba siku ya 127 ikifika, ajira imekufa yenyewe. Sivyo. Kinachokoma siku hiyo ni wajibu wa mwajiri wa kulipa likizo ya ugonjwa. Ajira haiondoki kama mshumaa unaozimika. Mwajiri anayetaka kuivunja kwa sababu ya ugonjwa hana budi kuwa na sababu ya haki na kufuata utaratibu wa haki. Kanuni zile za mwaka 2007 zinamtaka apime chanzo cha kushindwa kazi, kiasi chake, kama ni kwa muda au ni kwa kudumu, na kama mazingira ya kazi yanaweza kurekebishwa ili mtu huyo aendelee. Zinamtaka pia akae na mfanyakazi na kumsikiliza. Tena kifungu cha 37 cha Sheria Na. 6 kinasema wazi kwamba ulemavu si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inapoeleza ulemavu haikuishia kwenye viungo na macho. Inataja na akili.

Ndiyo maana njia ya utoro hupendwa. Kumwachisha mtu kwa ugonjwa kunadai ripoti ya daktari, vikao na subira. Kumwachisha kwa utoro kunadai daftari la mahudhurio tu. Mwajiri ambaye hangethubutu kuandika "amefukuzwa kwa sababu anaumwa akili" huandika "hakuonekana kazini siku saba", na wote walio ofisini wanajua kilichotokea.

Hebu ufikiriwe mfano wa mwalimu wa shule yoyote ya bweni milimani. Ameanza kuugua mwezi wa tatu. Ndugu zake wanapopata habari, jambo la kwanza wanalofanya si kumpeleka Hospitali ya Wilaya mjini Lushoto. Humchukua usiku na kumpeleka kwa mganga, au kwenye maombi ya siku nyingi katika kijiji cha mbali. Hakuna sababu ya kuwacheka. Usambara ni nchi ya waganga mashuhuri tangu enzi za wafalme wa Kilindi, na familia iliyoogopa hukimbilia inakokujua. Lakini mganga hatoi cheti kinachofahamika ofisini. Wiki tatu zikipita, mgonjwa anapofikishwa hospitalini na kuandikiwa cheti, barua ya utoro imekwisha tangulia. Sheria yenyewe haikuwa kali kiasi hicho, kwani inakubali cheti cha tabibu aliyesajiliwa au cha tabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na inamkataza mwajiri kumkataa huyo bila ya sababu ya maana. Mwajiri mwenye nia njema angeweza kupokea taarifa ya ndugu, akangoja cheti, akahesabu zile wiki tatu kuwa sehemu ya ugonjwa. Mwenye nia mbaya hangoji.

Zipo pia hila zilizo nyororo zaidi. Moja ni barua ya "kuacha kazi kwa hiari". Mgonjwa akiwa bado hajatulia, au akiwa amelewa dawa za usingizi, huletewa karatasi aweke saini, na ndugu yake huambiwa kwamba hivyo ndivyo atakavyopata mafao yake upesi. Yafaa ieleweke kwamba Sheria ya Mikataba haitambui makubaliano ya mtu ambaye wakati wa kutia saini hakuwa na akili timamu ya kufahamu anachokubali. Saini iliyochukuliwa wodini si hiari. Kujiuzulu kwa namna hiyo kwaweza kupingwa, na kunastahili kupingwa.

Hila ya pili haina hata haja ya karatasi. Walimu na mafundi wengi katika shule na taasisi za binafsi huajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Mtu akiugua mwezi wa tisa wa mkataba, mwajiri hulipa siku zake za likizo kwa uaminifu mkubwa, humwombea dua, kisha mkataba ukifika mwisho haufanyi upya. Hakuna aliyefukuzwa. Sheria inamlinda tu yule aliyekuwa na matarajio ya haki kwamba mkataba ungeendelezwa, na mzigo wa kuonyesha matarajio hayo humwangukia mtu ambaye labda bado yumo katika matibabu. Huyu ndiye asiye na kinga kuliko wote, ukimwondoa kibarua wa shambani, ambaye akikosa siku moja hukosa ujira wa siku hiyo, na akikosa wiki moja hukuta jembe lake limeshikwa na mwingine.

Mfanyakazi aliyeonewa anayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Shauri la kuachishwa kazi hutakiwa kupelekwa huko ndani ya siku 30. Kwa mtu mwenye afya, siku 30 zinatosha. Kwa aliyelazwa, siku hizo hupita kama ndoto, na anapopata fahamu zake hukuta mlango umefungwa. Unaweza kufunguliwa kwa kuomba kibali cha kuchelewa na kueleza sababu, na ugonjwa uliothibitishwa na daktari ni sababu ya kueleweka. Lakini ni nani anayemwambia mama wa Kifungilo au wa Soni kwamba mwanawe anaweza kuomba kibali hicho? Wakati huo kadi ya bima ya afya nayo imekufa, kwa kuwa mchango uliokuwa ukikatwa katika mshahara umekoma. Kwa hiyo mgonjwa hupoteza kazi, na pamoja na kazi hupoteza njia rahisi ya kupata dawa ambazo zingemrudisha kazini.

Hapa milima ya Usambara ina ushuhuda wake, nao ni wa zaidi ya karne moja. Huko Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, makao hayo yaligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na Hospitali ya Lutindi, ambayo leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, inahesabiwa miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Ni ya zamani kuliko Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Kinachoijulisha Lutindi si ukongwe peke yake. Kwa miaka mingi wagonjwa wake wamekuwa wakipewa kazi za shamba na za mikono kuwa ni sehemu ya tiba. Mtu huamka, hujua kwamba kuna jambo linamngoja, hulifanya kwa kadiri ya nguvu zake, huona matunda yake. Baada ya Uhuru Serikali nayo ilifuata wazo hilo ilipoanzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu katika hospitali za akili.

Basi ni kinyume kikubwa cha mambo kwamba hospitali humpa mgonjwa jembe ili apone, na mwajiri humnyang'anya kalamu kwa sababu aliugua. Kama kazi ni dawa, kumwachisha kazi mgonjwa wa akili ni kumkatia dozi. Na taifa hupata hasara mara mbili. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi vinaupotezea ulimwengu siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Katika idadi hiyo kubwa hakuna anayejua mwalimu mmoja wa hisabati wa Lushoto ni sehemu gani, lakini shule iliyokaa mihula miwili bila ya mwalimu wa hisabati inajua.

Waajiri wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Shule ndogo haina uwezo wa kuwalipa walimu wawili kwa kipindi kimoja. Mwenye basi moja linalopanda Lushoto hawezi kumwachia usukani dereva anayesinzia kwa dawa, na abiria wake wana haki ya kufika salama. Mpishi hushika moto, na muuguzi hushika funguo za kabati la dawa. Hoja ya usalama ni ya kweli. Lakini hoja hiyo inajibiwa na daktari, haijibiwi na uvumi wa mahali pa chai. Daktari akisema dereva asiendeshe kwa miezi sita, anaweza kupewa kazi ya karakana au ya stoo kwa miezi sita. Mwalimu ambaye dawa zake humlemea asubuhi anaweza kupangiwa vipindi vya mchana na kuondolewa zamu ya usiku bwenini. Anayetakiwa kwenda kliniki mara moja kwa mwezi kuchomwa sindano apewe siku hiyo bila ya kuulizwa mbele ya watu anakwenda wapi. Kuhusu gharama, baada ya siku 63 mwajiri hulipa nusu, na baada ya siku 126, kama hapana makubaliano mengine, hatakiwi kulipa likizo hiyo tena. Nafasi inaweza kujazwa na mtu wa muda, akielezwa tangu mwanzo kwamba mwenye nafasi atarudi. Kinachoombwa ni nafasi tu ihifadhiwe.

Ni vyema kukumbuka kwamba wazo la kumlinda mfanyakazi na ulimi wa mkuu wake si geni nchini. Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964 ilipitishwa katika miaka ya mwanzo kabisa ya Uhuru, wakati ambapo mwenye shamba la mkonge alikuwa amezoea kumfukuza mtu kwa kumwambia tu asije kesho. Sheria hiyo iliweka Kamati za Wafanyakazi na orodha ya makosa yanayofahamika, ili mwajiri asiadhibu kwa hasira. Ilikuwa na upungufu wake, na baadaye nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya mwaka 2004. Lakini swali iliyolijibu ni lile lile: je, mtu anaweza kupoteza riziki yake bila ya kusikilizwa? Mgonjwa wa akili husemewa na kila mtu, na ni nadra kusikilizwa. Hata Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo ilichukua nafasi ya ile iliyorithiwa kutoka wakati wa ukoloni, inashughulikia zaidi matibabu, kulazwa kwa wagonjwa na ulinzi wa mali zao. Kazi ya mtu haikuwekwa ndani ya mali hizo, ijapokuwa kwa wengi ndiyo mali pekee waliyo nayo.

Shirika la Kazi Duniani lilikwisha sema katika Mkataba wake Na. 158 wa mwaka 1982 kwamba kutokuwapo kazini kwa muda kwa ajili ya ugonjwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Uganda iliuridhia mwaka 1990. Si lazima kungoja mikataba, hata hivyo. Siku 126 ni kima cha chini, wala sheria haikatazi kuongeza. Chama cha wafanyakazi wa mashambani kinapokaa na wenye mashamba ya chai na mkonge, na chama cha walimu kinapokutana na wenye shule, yawezekana kuandika katika mkataba wa hali bora kwamba mgonjwa wa akili aliyemaliza siku zake apewe likizo bila ya malipo kwa muda uliopendekezwa na daktari, na kwamba hakuna barua ya utoro itakayotolewa kabla ya kutumwa mtu nyumbani kwa mfanyakazi kujua yaliyomsibu. Yawezekana pia kuandika kwamba cheti kitamfikia mkuu wa kazi katika bahasha iliyofungwa, kwani sheria imedai cheti, haikudai jina la ugonjwa lisomwe na kila karani aliye mezani.

Na wakati hayo yakingojewa, ndugu wa mgonjwa wanayo kazi yao, iwe wanampeleka hospitali, kwa mganga au kanisani. Ndani ya siku tano za kazi, mmoja wao achukue karatasi, aandike jina la mfanyakazi, kazi yake na tarehe aliyoanza kuugua, aeleze kwamba cheti kitafuata, kisha aipeleke ofisini kwa mkono na kudai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo aitunze.